Sahani ya Noko Ilikuwa Inapokea Tu

Mwaka ule watu walianza kurudia Bunia, nilikuwa musichana wa miaka kumi na moja, na taabu yangu ilianzia pale. Wengine wanahesabu taabu yao tangu vita. Miye hapana. Wakati wa vita nilikuwa na mama. Tulikimbia pamoja kutoka upande wa Kpandroma, tukalala pamoja kwenye mashamba ya watu, tukatafuna mahindi mabichi pamoja. Ni wakati wakubwa walisema sasa ni amani, rudieni mjini, ndipo tulipotezana, muchana kweupe, kwenye barabara iliyojaa watu, magodoro na mbuzi. Nilishika kitenge cha mwanamuke nikifikiri ni mama. Nilipoinua macho, uso haukuwa wake. Amani ilinipokea hivyo, na wale wanaopenda kuisifu mbele yangu wajue kwanza neno hilo.

Ninaandika haya sababu juma lililopita kijana mumoja wa kununua vyuma vya zamani alisimamisha kigari chake mbele ya duka yangu. Akaita, "Mukubwa! Iko sahani hapa ya antene, ya zamani lakini nzito. Inafaa ao niipeleke kwa wale wa kuyeyusha?" Nikatoka kumufukuza, maana vyuma vya kuoza sinunui. Nikaona tundu mbili chini ya sahani, pale katikati, moja kubwa kuliko ingine, na kingo zake zimejikunja kwa nje kama midomo. Tundu za namna ile hazitoki kiwandani. Zile zilitobolewa na musumari wa moto na mutu mwenye haraka, na mutu yule nilimujua. Nilisikia harufu ya kutu iliyolowa mvua, nikakaa chini pale pale mbele ya vijana wangu wa kazi, miye ambaye hawajaniona nikikaa chini muchana hata siku moja.

Ilikuwa sahani ya Noko Paluku.

Noko Paluku ni kaka ya mama yangu. Yeye na mama walizaliwa upande wa Butembo. Mama aliolewa huku kwa wafugaji wa milimani, yeye akaja Bunia kufanya biashara, akajenga katika kartie ya Saio, mutaa wa pale pale mjini. Mwanamuke yule niliyeshika kitenge chake, nilipomutajia jina la Noko, ndiye alinifikisha kwake. Noko alinitazama, hakuuliza mambo mingi. Alimuambia muke wake, Mama Furaha, "Mwekee mutoto maji ya kuoga." Basi, nikawa mutoto wa pale. Shule nilikuwa nimeachia darasa la pili, na sikurudia. Kuongea pia niliacha. Niliitikia tu kwa kichwa. Watu walifikiri nilizaliwa bubu.

Wakati ule Noko alileta kutoka ngambo ya Uganda sanduku mbili juu ya lori ya samaki ya chumvi. Katika moja kulikuwa na dekoda, katika ingine sahani iliyokatwa vipande vya kufunga na boloni na nati. Mpaka dekoda ikazeeka, ilipopata moto ilikuwa inanuka samaki. Sanduku lilikuwa na picha ya nyumba ya kizungu, sahani imesimama ukutani kama sikio la mutu anayesikiliza jirani. Noko akaisimamisha vile vile. Akawasha grupu, jenereta yake ya umeme, akageuza sahani kulia, akageuza kushoto, kutwa nzima, kwenye televizio hakukuja kitu isipokuwa mustari mbili, moja ya nguvu na moja ya kalite, ni kusema ubora, zote mbili kavu. Akachoka, akaiacha ikaanguka kwa mugongo. Dekoda ikalia pii. Mustari zote mbili zikapanda mpaka mwisho.

Nieleze kidogo, maana hii leo ndiyo kazi yangu na sioni haya kuieleza kwa watu wenye diplome. Kule juu kuna chombo kinachorusha picha. Inafika kwetu dhaifu, kama pumzi ya mutoto aliyelala. Sahani inaikusanya, inairudisha kwa kile kichwa kidogo kilichofungwa mbele yake kwenye mukono wa chuma. Kichwa kinaishusha kwa waya mpaka ndani ya dekoda. Dekoda ndiyo inaifungua, inatenga picha na sauti, inapanga shene, zile stesheni, moja moja ili weye ukae unabonyeza. Ile waya inapandisha umeme kidogo tu wa kulisha kichwa, basi. Neno la mutu halipandi. Picha ya mutu haipandi. Na hapa kwetu setilaiti ile ilikuwa karibu juu ya utosi, ndiyo maana sahani ya Noko haikusimama kama kwa wazungu. Ilikuwa inalala, inatazama mbingu kama beseni.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Paluku, umeanika sufuria?" "Paluku, hiyo ni ya kunyweshea ngombe za malaika?" Na kweli mvua ya kwanza ikaijaza. Maji yakikaa ndani, picha inakatika-katika, halafu inakufa. Noko akapasha musumari kwenye makaa, akatoboa tundu, akaona haitoshi, akatoboa ya pili. Miye nililia. Sikusema juu ya nini, maana sikuwa ninasema, lakini nilifikiri picha zote zitavuja na kumwagika kwenye mihogo ya Mama Furaha.

Tundu zilikuwa zinaziba na majani, hivyo nikapewa kazi. Kila asubuhi ninapanda juu ya pipa, ninatoa majani, ninafuta umande na kitambaa. Ilikuwa kazi yangu peke yangu na niliipenda. Sahani ilikuwa baridi, uso wangu unaonekana ndani yake kwa mbali, mupana kama wa mutu mwingine.

Sasa musikie ujinga wangu, na musicheke haraka, maana nyinyi pia mulikuwa na wenu. Jioni katika televizio alikuwa anakuja mwanamuke wa kusoma habari. Alikuwa ananitazama machoni. Nikihama upande huu wa benchi, ananitazama. Nikihama ule, ananitazama. Mwisho alikuwa anatushukuru kwa kukaa naye. Mutu anakushukuru kwa kukaa naye bila kukuona? Nikajua wanatuona. Nikaanza kupaka miguu mafuta mbele ya habari, na nikimuona mutoto wa jirani amekaa vibaya ninamufinya. Na kama wanatuona, basi kitu chetu kinapanda kule. Na kinapanda kupitia wapi? Kupitia kile kichwa kidogo kwenye sahani, kilichokuwa na uso wa plastike kama wa kile kitu wanachoshika waimbaji mukononi.

Ndipo nilianza kuongea tena. Asubuhi, juu ya pipa, mudomo karibu na kile kichwa. "Mama, ni miye. Niko Saio kwa Noko Paluku. Nyumba ya mulango wa buluu, nyuma ya kisima. Sijagonjwa. Njoo." Nilikuwa ninasema vile vile kila asubuhi, ili kama siku moja mvua imekata neno, siku ingine lifike.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja, na Noko aliweka benchi. Watu wakaanza kuja kuona mupira. Muelewe wakati ule. Barabarani watu walikuwa wanasalimiana kwa macho ya chini, kila mumoja anajua yule jirani alikimbilia upande gani na nani alibaki kuchukua mabati yake. Lakini kwa Noko walikuwa wanakaa benchi moja. Alikuwa anasimama mulangoni na kusema, "Hapa kwangu mutu haulizwi alitoka wapi. Anaulizwa: unakaa ao unasimama?"

Siku moja, mbele ya mupira, ikapita shene ya habari. Nyumba zinaungua, na chini jina la Bunia. Picha za zamani, lakini moto ni moto. Mwanaume mumoja akasimama: "Muone sasa kazi ya ndugu zenu." Mwingine nyuma akajibu: "Yetu ao yenu? Nani alianza?" Benchi ikaanguka. Noko alienda kuzima grupu. Watu wakabaki wanatazamana na kioo cheusi, mwisho wakaona haya, wakaenda.

Kesho yake alinikalisha mbele ya dekoda na telekomande. Dekoda ile ilikuwa na mambo mingi: unaweza kuweka pembeni shene unazopenda, kuna redio ndani yake, unaweza kuiambia iwake yenyewe saa fulani, unaweza kuomba maandishi chini ya picha. Na kulikuwa na kufuli. Si kufuli ya chuma, ni numero ine. Kiwandani wanaweka sifuri zote; weye unaweka zako, na bila zile, mashini haifunguki, hata ukitaka kuifuta yote uanze upya inaziomba. "Hapa itakuwa mupira, nyimbo na maombi," Noko alisema. "Moto wao wabaki nao. Chagua numero."

Nikajionyesha kifua kwa kidole: miye?

"Ndiyo weye. Miye nikikunywa kidogo nitaambia mutu. Weye huongei na mutu."

Nikachagua. Tangu siku ile, watu wakisha kukaa, miye ndiye ninageuza mugongo, ninafunika telekomande na tumbo, ninabonyeza. Kiwanja chote kinapiga makofi. "Mama wa funguo!" walikuwa wananiita. Mutoto bila mama, bila shule, bila sauti, na wanaume wazima wanangoja kidole changu. Sijawahi kuwa mukubwa zaidi ya pale, hata leo na duka yangu.

Chefu wa avenyu yetu alikuwa jirani, lupango kwa lupango, kati yetu matete tu. Aliitwa Chefu Anselmi. Mutu wa shati nyeupe, kalamu mbili mufukoni. Kwa Noko hakuwa anakuja kukaa. Alikuwa anasimama nyuma ya matete na kutazama mupira kupitia tundu. Noko alikuwa anamuita kwa sauti: "Chefu, kuja ukae! Shingo itakuuma!" Watu wanacheka. Sasa ninafikiri kicheko kile alikuwa anakiweka mahali.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya pipa, nimesema maneno yangu, nikasikia matete yanasogea.

"Mutoto. Unaongea na nani?"

Nilishituka. Lakini yeye alikuwa chefu, na mama alinifundisha mukubwa akiuliza unajibu. "Na mama."

"Aa, kumbe una mudomo! Mama iko wapi?"

"Labda upande wa Kpandroma."

"Na unamuambia nini?"

"Kwamba tuko hapa. Kwamba Noko iko hapa. Akuje."

"Na yeye anajibu?"

"Bado."

Alitabasamu. Meno yake yalikuwa mazuri, ninayakumbuka. "Muzuri, mama. Endelea na kazi yako."

Askari walikuja kesho yake, Mama Furaha akiwa anasonga bugali. Walikuwa ine, na Chefu Anselmi nyuma yao na kalamu zake. Wakauliza, "Foni iko wapi?" Foni ni ile redio ya kusema na watu wa mbali, wakubwa wa vita walikuwa nazo porini, na katika amani ile, kukutwa nayo nyumbani ilikuwa kufa.

"Foni gani, ndugu zangu?" Noko alisema. "Hii ni televizio. Mukae, nitawawashia."

"Kila asubuhi kwako munatuma habari Kpandroma, kwa wale wa porini. Munatumia mutoto ili watu wasishuku. Chefu amesikia na masikio yake."

Noko alinigeukia. Si kwa hasira. Alikuwa na mushangao tu, kama mutu aliyesikia jina lake limeitwa mahali hajawahi kufika. Nilitaka kusema. Sauti ikakataa. Walimufunga mikono na waya yake mwenyewe, ile ya antene, wakakata iliyobaki, wakabeba dekoda, telekomande, televizio, sahani. "Ni ushahidi," Chefu Anselmi alisema. Sahani ilipita mulangoni juu ya kichwa cha askari kama kofia, na maji ya umande yakamudondokea shingoni kupitia zile tundu.

Noko alikaa kasho, gerezani kwa askari. Mama Furaha alikuwa anapeleka chakula, wanakula walinzi, yeye anapewa kilichobaki. Watu wa benchi walipotea. Wale waliokuwa wanaita "Mama wa funguo" wakipita walikuwa wanatazama miguu yao. Kisimani nilisikia mwanamuke anasema, "Ni kale katoto. Kalikuja na vita yake kutoka kule juu." Nililala chini ya meza, sikutaka kitanda. Nilikuwa ninajua nimemufunga Noko na mudomo wangu. Nilikuwa ninajua pia mama amesikia kila neno, na kwamba akifika atamukuta kaka yake kasho. Mambo hayo mawili niliyaamini kabisa, na yalikuwa yananitafuna moja huku, ingine kule.

Kisha siku moja, nikitoka kisimani, niliona ushahidi.

Ulikuwa kwa Chefu Anselmi, juu ya paa la kibaraza chake kipya. Fundi aliyemuleta alikuwa ameisimamisha sahani kama kwenye picha ya sanduku, anaigeuza kulia na kushoto, Chefu anamutukana kutoka dirishani. "Imekamata?" "Bado, Chefu." "Mujinga weye!" Siku mbili niliwatazama kupitia tundu ya matete, ile ile aliyokuwa anatumia yeye. Siku ya tatu fundi aliilaza. Nikasikia pii. Nikasikia Chefu anapiga makofi. Halafu kimya kirefu, na nikajua kwa nini ni kimya. Mashini ilikuwa inawaomba numero.

Waliniita Siku ya Mungu, baada ya misa. Mutoto wa Chefu alikuja: "Papa anasema ukuje." Mama Furaha alinivalisha gauni yangu ya kanisani na kunishika mabega. "Usimujibu vibaya," alisema.

Sebuleni kwa Chefu viti vilikuwa vimepangwa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kimoja. Kulikuwa na soda, nyama ya mbuzi, na mukubwa wa wale askari, Komanda, amekaa katikati bila kofia. Mupira mukubwa ulikuwa unaanza baada ya muda kidogo. Chefu Anselmi alininyoshea telekomande na sauti ya asali.

"Mama wa funguo. Tufungulie."

Sikuishika.

"Hajui," Komanda alisema.

"Anajua! Kiwanja chote kilikuwa kinamuona. Shika, mutoto. Utakula nyama."

Na miye nilimuhurumia. Ninaapa. Nilifikiri: mutu huyu hajui kitu amepandisha juu ya nyumba yake. Sauti yangu ikatoka. "Chefu, usifungue. Ikiwa wazi inatuma. Watawaona hapa na nyama. Watawafunga na nyinyi kama Noko."

Chefu Anselmi alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akatoa kitambaa akapangusa macho. Komanda naye akaanza, tumbo linaruka.

"Inatuma! Komanda, umesikia? Inatuma! Mutoto, nani alikudanganya? Hii inapokea tu. Inapokea! Hata ukiimba ndani yake mwaka muzima, hakuna mutu atasikia. Hata mbuzi huyu kwenye sahani anajua hivyo."

Nilisimama pale. Mulango ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye miguu yangu iliyopakwa mafuta. Nikawaza asubuhi zote zile juu ya pipa. Mulango wa buluu, nyuma ya kisima. Hakuna neno hata moja lililoondoka. Yote yalibaki pale kwenye chuma, na miye niliyafuta mwenyewe na kitambaa. Mama hakusikia. Mama alinifia, kwangu, saa ile, kati ya kicheko cha watu wawili na harufu ya mbuzi wa kuchoma.

Na nyuma ya lile, polepole, likaja lingine.

"Chefu," nilisema. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba inapokea tu. Siku ile kwenye matete. Ulikuwa unajua?"

Alikunja kitambaa chake. "Kila mutu anajua."

"Sasa Noko alifungwa juu ya nini?"

Komanda alitazama soda yake. Chefu Anselmi alipata sauti yake ya ofisi: "Nyamaza. Bonyeza numero."

"Noko akuje," nilisema. "Akae kwenye kile kiti. Nitabonyeza."

"Nitakuchapa!"

"Nichape. Nitasahau numero."

Musinipe sifa za ujasiri. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa hasira, ya kwanza ya maisha yangu, na ilinijaa mpaka sikuona mahali pa kuweka woga. Mutoto mujinga katika kartie ile nzima alikuwa miye peke yangu. Miye peke yangu niliamini kweli ile mashini inatuma. Wengine wote, chefu, askari, fundi, labda wale wa benchi na wale wa kisimani, walikuwa wanajua, na walimuacha mutu akae kasho juu ya uongo ambao haukumudanganya hata mutoto mwingine.

Ni Komanda aliyechoka kwanza. Alitazama saa yake. "Anselmi, mupira unaanza. Mulete huyu mutu, mambo iishe."

"Lakini Komanda, faili yake..."

"Faili gani? Mulete."

Walimuleta na pikipiki. Alikuwa amevaa shati lile lile, na upande wa kuume wa kichwa ulikuwa umevimba, sikio limekauka damu. Alikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma kwa uangalifu, kama mutu aliyekuja kuposa, akaweka mikono juu ya magoti. Nilimuona anatazama dekoda yake, anatazama mbuzi, anatazama miye. Akaelewa yote, nafikiri, kuliko nilivyoelewa.

"Noko, nibonyeze?" niliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza anasikia sauti yangu.

"Bonyeza, mama. Halafu twende nyumbani."

Niligeuza mugongo, nikafunika telekomande na tumbo, nikabonyeza. Kelele za uwanja zikajaa sebule. Hakuna aliyetutazama tukitoka. Hakuna aliyesema neno, wala "pole," wala "tulikosea," wala hata "muende muzuri." Tulipofika kwenye matete walipiga kelele ya bao, na Noko akageuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Hapo nilijua sikio la kuume limekufa.

Mashini haikurudi. Siku zilizofuata watu wa benchi zetu walikuwa wanajaza kiwanja cha Chefu, na walikuwa wanamusifu kwa kuleta maendeleo katika avenyu. Numero zangu hakuzipata. Dekoda haikuzimwa tena kwa telekomande, maana ikiwashwa upya ingewaomba numero; walikuwa wanaiacha inawaka mpaka ilipoungua. Nilipenda harufu ile ya kuungua, ilivuka matete ikatufikia mezani. Mama hakurudi. Nimeuliza Kpandroma, nimeuliza Bambu kwa wachimba dhahabu, hakuna aliyemuona. Na Chefu Anselmi alikufa kitandani kwake, muzee, na hotuba zilisema alikuwa mutu wa amani. Nilienda matanga. Nilikaa, nilikula, sikulia.

Mpaka leo wapo wanaosema, kwa upole, eti ni mutoto alileta maneno, watoto ndivyo walivyo, tusamehe yote. Hapana. Mutoto aliongea na mama yake. Kufunga mutu, kumupasua sikio, kubeba vitu vyake na kukaa juu ya kiti kuvitazama, hiyo ni kazi ya watu wazima wenye akili timamu na kalamu mufukoni. Sitabeba mizigo yao. Nilibeba ya kwangu inatosha.

Nilijifunza kulaza sahani bila kufundishwa na mutu. Nilianza na ngazi ya kuazima. Leo nina ngazi zangu, za alimini, na kile chombo cha kupima kinacholia nikikamata setilaiti. Nina duka ya dekoda na antene kwenye barabara kubwa, mulango wa chuma. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Saio, mulango wa buluu. Nina ngombe mbili kwa shemeji, milimani, ambazo mwaka huu tena, sababu ya vita, sithubutu kwenda kuziona. Nina watoto wanaosoma vitabu ambavyo siwezi kusoma. Nina numero ine, na bado hakuna anayezijua. Nina Noko Paluku, ambaye si mali lakini ninamuandika hapa. Anakaa kwenye kiti kizuri cha nyumba na telekomande mukononi, ninamuwekea maandishi chini ya picha sababu hata sikio la pili limezeeka. Na tangu juma lililopita nina sahani moja yenye tundu mbili, juu ya pipa, bila waya. Asubuhi ninatoa majani, ninafuta umande mwenyewe, na mudomo wangu ninaufunga.